Nusu ya Pili ya Sonata

Kila aliyewahi kulala kwenye kochi la Mwalimu aliulizwa swali moja akiamka. Ungemkuta bado ameketi kwenye kinanda, mgongo umenyooka, mikono ipo mapajani, anakutazama kwa upole wa mtu aliyekufuma ukilamba sukari jikoni. "Iliisha namna gani?" angekuuliza. Nawe, ukijipangusa mate shavuni, ungejibu kama walivyojibu wote: "Vizuri sana, Mwalimu." Basi angecheka, angelikunja blanketi alilokufunika, na mke wake angekuletea chai. Nimejibu hivyo miaka mingi, na sidhani aliniamini hata siku moja.

Alikuwa mtu wa Kivu, mwalimu wa kwaya ya kanisa letu la Kiswahili kule Saint Paul, Minnesota. Siku za kazi alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee huko Oakdale, ambako mimi ni nesi. Jina analo, lakini hakuna aliyelitumia. Wakongo walimwita Mwalimu, sisi Wakenya tukamwita Mwalimu, na Wamarekani pale kazini wakamwita Mwalimu wakidhani ndilo jina lake la ukoo. Hakujisumbua kuwasahihisha.

Alikuwa na sonata moja. Najua zipo nyingi, yeye mwenyewe aliniambia zipo mamia, lakini aliyoishikilia ni hiyo moja, ya mtunzi fulani wa Ulaya aliyekufa zamani ambaye nimetajiwa jina lake mara kadhaa na kila mara limeniponyoka. Haikuandikiwa piano, maana piano zilikuwa hazijaenea wakati huo. Iliandikiwa kile kinanda cha kale ambacho Mwalimu alikiita klavesini, naye aliipiga peke yake, bila mwimbaji na bila ngoma. Na alichotaka kilikuwa kidogo mno: mtu mmoja wa kwetu, anayeongea Kiswahili, aketi aisikilize tangu mwanzo hadi mwisho akiwa macho. Hakutaka makofi. Katika mji huu na ule wa jirani, pamoja na watu wetu wote hawa, mtu huyo alikuwa hajampata.

Shida ni kwamba sisi tumechoka. Sisemi uchovu wa kupiga miayo, nasema uchovu wa mtu anayefika nyumbani akakaa ndani ya gari kwenye maegesho kwa sababu kufungua mlango wa gari ni kazi nyingine. Mtu wetu hapa ukimuuliza habari gani anakujibu kwa shifti: nimetoka, naingia, nimepiga dabo, yaani shifti mbili mfululizo. Harusi tunazifika tukiwa na sare za kazi ndani ya mkoba. Kwenye matanga watu husinzia wakiwa wamesimama, na mchungaji wetu amejifunza kuhubiri kwa sauti ya juu hasa pale katikati, pale vichwa vinapoanza kuanguka. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mkalishe kwenye kochi laini sebuleni kwa Mwalimu, Inver Grove Heights, asubuhi, hita inanguruma, chumba kina joto, kisha mpigie muziki wa vidole vyepesi. Utamlaumu?

Tena sonata yenyewe si ndefu. Mtu aliyelala vizuri angeweza kuimaliza chai yake ikiwa bado ya moto. Kilichotumaliza ni matayarisho. Mwalimu hakuwahi kuipiga kabla ya kukaza nyuzi, na hakuwahi kuzikaza kabla hujafika, kwa maelezo kwamba ukifungua mlango baridi inaingia nawe na nyuzi zote zinahama. Basi utaketi. Yeye atainama na ufunguo wake mdogo, atadonoa sauti moja, ting, atasikiliza, atazungusha kidogo sana, ting, atarudia. Ting. Ting. Ting. Mpaka anapokaa sawa aanze, wewe ulishafika mbali. Nilimwambia mara moja, kwa heshima, "Mwalimu, si u-tune tukiwa njiani? Tukifika unapiga tu." Akanitazama kama nimemshauri ahubiri kabla waumini hawajaingia.

Kinanda chenyewe kilitoka kwenye chumba cha chini cha kanisa la Wamarekani waliotupangisha ukumbi zamani. Kilikuwa nyuma ya viti vya kukunja, kimefunikwa kwa pazia la mchezo wa Krismasi. Mmoja wa wazee wao alikiunda kwa mikono yake enzi za ujana wake, kutoka kwenye mbao zilizoletwa ndani ya kasha pamoja na maelekezo, na alipofariki hakuna aliyejua cha kukifanya. Siku waliyokuwa wakisafisha chumba hicho, Mwalimu alikiona kikibebwa kwenda kwenye pipa kubwa la taka nje. Mke wake anasema alikimbia. Hajawahi kumwona akikimbia kabla wala baada ya hapo, hata siku ya kukimbia vita kule kwao alitembea.

Ukikitazama unaweza kudhani ni piano iliyokonda kwa ugonjwa. Vibao vya kubonyeza vilivyo vyeupe kwenye piano hapa ni vyeusi, na vyeusi ni vyeupe. Ndani hakuna nyundo. Kila kibao kinainua kijiti chenye ncha ya unyoya, na ncha hiyo ndiyo inayoudonoa uzi. Nyoya zikivunjika, Mwalimu alichonga nyingine. Wale bata mzinga wa mwituni wanaojitembeza kwenye maegesho yetu Oakdale kama wenye mali, wanaodonoa matairi na kuzuia magari ya wagonjwa, yeye aliwafuata nyuma na mfuko wa plastiki akiokota nyoya walizoangusha. Wageni waliokuja kuwaona wazazi wao walimwona mzee mwenye sare ya bluu akinyemelea bata mzinga kwenye theluji, nao wakaja kuniuliza dawatini kama yule ni mkazi au mfanyakazi.

Wakati wa baridi hewa ya ndani hukauka mpaka midomo inapasuka, na mbao za kinanda vilevile. Mwalimu aliweka mabeseni ya maji chini yake na taulo zilizolowa kwenye viti. Mke wake, ambaye wote tunamwita Mama, aliyavuka mabeseni hayo akiwa amebeba vyombo, akinung'unika kwamba hiki kitu kinakunywa maji kuliko watoto wote aliowalea. Yeye alifanya kazi ya kufua mashuka hotelini, akiondoka mchana na kurudi usiku. Nilimuuliza kama yeye ameisikia sonata yote.

"Mi nikae chini nisikilize?" alisema. "Nikikaa nitalala. Nikilala, nani atapika?"

"Lakini unaisikia ukiwa jikoni."

"Nasikia vipande. Maji ya bomba yakiwa kwenye robine sisikii. Majani ya sombe yakichemka sisikii." Akafikiri kidogo, kisha akainamia sikio langu. "Mi napenda zaidi ile ya kukaza nyuzi. Ile ting-ting. Ile inanituliza."

Nilimsihi asimwambie mumewe, naye akanijibu kwamba alishamwambia zamani, na kwamba hawakusemezana mpaka Jumapili.

Kazini alikuwa na neno lake moja, "usitie nguvu", na aliwaambia wahudumu wapya wote. Walikuja vijana wenye mabega, wakaona kazi ni kunyanyua, wakamshika bibi kizee kama gunia. Mwalimu angewasogeza pembeni na kuwaonyesha jinsi ya kumgeuza mtu kwa kiganja kilicho wazi. Usitie nguvu, iko bure, haisaidii. Baadaye nilikuja kusikia maneno hayohayo sebuleni kwake nilipobonyeza kibao cha klavesini kwa kidole changu cha Kikenya. Ukibonyeza taratibu kinalia vile, ukigonga kwa ghadhabu kinalia vilevile. Hakina kupanda wala kushuka sauti. Mimi niliona ni upungufu wa chombo, yeye akasema ndiyo sababu anakipenda, kwamba hakikuoni umekuja na hasira gani. Sikukubaliana naye. Mimi napenda kitu kinachojua nimekasirika.

Mtu asije akadhani nasimulia malaika. Mwalimu alikuwa na ulimi. Aliwahi kumtoa kwenye kwaya dada mmoja wa sauti ya kwanza kwa kutafuna bigijii, na hakumrudisha hata mchungaji alipomwombea. Aliwachapa wanakwaya kwa maneno kwa kuchelewa dakika chache, naye mwenyewe alikuwa anafika akiwa amechelewa kuliko wote, anavua koti polepole, anasema, "Voilà, tuko wote." Na masikio yale yaliyoweza kusikia uzi mmoja umelegea upana wa unywele, jioni yaliketi mbele ya televisheni kutazama miereka, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Wale mabwana wanaopakwa mafuta na kurushana nje ya kamba. Alipiga kelele, alisimama, alimtukana mwamuzi kwa Kifaransa. Jirani wa juu aligonga sakafu kwa sababu ya miereka. Klavesini hakuwahi kuigongea, sauti yake ni ndogo mno, nadhani haikumfikia.

Nilisema sonata ni moja, lakini ina nusu mbili, na kila nusu hupigwa mara mbili. Haya alinifundisha kwa kupanga vijiko mezani. Nusu ya kwanza inaondoka nyumbani na kwenda mahali, inafika, inatua kwa vile vifungu vidogo vya kumalizia. Inarudiwa. Nusu ya pili inaanzia huko ilikofika, inazunguka, inapotea kabisa, kisha inaitafuta njia ya kurudi. Nayo inarudiwa. Kwa Mwalimu kule kurudia kulikuwa wajibu. Mara ya kwanza aliipiga kama ilivyo, mara ya pili akaongeza vijimapambo vya vidole, mitetemo na miteremko, na alisema aliyeruka marudio amekula nusu sahani akaondoka mezani. Niliuliza kwa nini mtu aambiwe jambo lilelile mara mbili. "Weye," akasema, "mara ya kwanza ulikuwa unafikiria gari yako."

Sasa, kosa kubwa lilitokea kanisani, na lilitokana na marudio hayo. Ilikuwa sikukuu ya mavuno, tumealika na wenyeji wetu Wamarekani, na mchungaji akamwomba Mwalimu alete kile kinanda chake tukione. Wanaume wanne walikibeba kwa blanketi. Mwalimu alivaa suti ya kijivu, akakaza nyuzi tangu mapema, safari hii watu wakiwa hawajafika, maana ukumbi ulikuwa mkubwa. Alipoanza palikuwa kimya. Nilikuwa nimesimama nyuma karibu na sufuria, na nakumbuka nilifurahi kwa ajili yake. Leo, nikasema. Leo amepata watu.

Akamaliza nusu ya kwanza. Akaanza kuirudia.

Jamani, sisi ni watu wa kwaya. Tangu utoto tumelelewa hivi: kiongozi anaimba ubeti, tunasikiliza, na akiurudia ule ubeti maana yake sasa ni zamu yetu. Mara ya pili ni ya kanisa zima. Hakuna aliyetufundisha, na kukaa kimya mara ya pili ni utovu wa adabu, ni kumwacha mwenzako peke yake barabarani. Basi sauti zile ziliporudi kutoka mwanzo, akina mama wa mstari wa mbele wakatazamana, wakaelewa kwamba wameitwa. Makofi yakaanza, kwanza kwa vidole, halafu kwa viganja. Mmoja akaanza kuvuma sauti ya chini. Mtu wa ngoma, Mungu ambariki, akasogea kwenye ngoma zake. Kisha vigelegele. Wamarekani nao, walioambiwa wajisikie nyumbani, wakasimama wakapiga makofi yasiyoendana na mapigo. Na katikati ya ukumbi ule unaotikisika niliona mgongo wa Mwalimu umenyooka, mikono inakwenda, inakwenda, na klavesini haisikiki hata ting moja. Aliipiga yote. Nusu ya kwanza mara mbili na nusu ya pili mara mbili, sisi tukiwa tumejaa roho.

Baadaye, kwenye foleni ya chakula, alimwendea yule mama aliyeanzisha, sahani mkononi, akamuuliza, "Iliisha namna gani?"

"Kwa vigelegele, Mwalimu! Kwa vigelegele!"

Alimshukuru. Alikula kidogo. Wanaume wale wanne walikibeba kinanda mpaka kwenye gari, na tangu siku hiyo hakikutoka sebuleni. Na tangu siku hiyo alianza kutualika nyumbani kwake, mmoja mmoja, tukitoka shifti, nasi tukaanza kulala.

Nilimuuliza mara moja tu kwa nini lazima awe mtu wa kwetu. Gari lake lilikuwa limegoma kwa baridi, kwa hiyo juma lile nilikuwa nam-drive kurudi nyumbani asubuhi. Barabara kuu ilikuwa imejaa, theluji ya pembeni imegeuka nyeusi, na nilikuwa naongea ili nisisinzie.

"Mwalimu, kwani yule jirani yako Mzungu, yule mstaafu, si alikuja akasikiliza mpaka mwisho?"

"Alisikiliza. Ni mutu muzuri. Alileta keki."

"Si basi umepata?"

Tulivuka mto. Alikuwa anajisugua kifundo cha mkono kwa kidole gumba, kama alivyofanya sana siku hizo.

"Yeye alisikia klavesini," akasema. "Kule kwetu, pale shuleni, tulikuwa walimu sita. Padri alituachia chombo, mi napiga, bale wengine banasikiliza, kisha tunabishana kwa Kiswahili mpaka giza. Huyu anasema ulikimbiza hapa, huyu anasema hapana. Bale bote banaisha kwa vita, dada. Bote. Mi nabaki na hii sonata kichwani, na hakuna mutu wa luga yetu wa kusema: ndiyo, niliisikia, ilikuwa hivi, iliisha hivi. Siku zingine nafikiri pengine niliota."

Nilitaka kumwahidi kwamba leo nitakaa macho, lakini nilijua mwili wangu ulivyo, nikatazama barabara. Tulifika, akakaza nyuzi, nikalala kabla hajaanza. Nilipoamka hakuniuliza swali lake. Alinifunika tu vizuri miguuni.

Kisha mikono ikaanza kumwacha. Sisi tunaofanya kazi hii tunajua inavyokuwa: miaka ya kugeuza miili ya watu, kusukuma viti, kufunga mikanda, mpaka maungio ya vidole gumba yanalika na kiganja kinakufa ganzi. Alivaa vishikizo vya mkono vyenye waya ndani, vya bluu, akavipenda kwa sababu vilifanana na sare. Nyumba ya wazee ikamhamishia kazi ya kukaa na wagonjwa bila kuwanyanyua, na alichukia kila siku yake. Daktari akamwambia mikono yote miwili inahitaji kupasuliwa, akamwambia pia ukweli, kwamba maumivu yatapungua lakini wepesi ule hatakuwa nao tena. Nilikuwepo kwa sababu Mama aliniomba nikaelewe maneno ya daktari. Niliyaelewa vizuri mno. Nilimtafsiria nusu ya kwanza na nikatafuta maneno laini kwa nusu ya pili, naye akanikatiza. "Usipambe," akasema. "Nimeelewa."

Binti yao ana nyumba Blaine, moja ya zile mpya zenye gereji kubwa kuliko sebule, na ndiye aliyesema wazazi wahamie kwake. Ilikuwa sawa. Mama alikuwa amechoka na mabeseni, amechoka na mashuka, goti lake lilikuwa halipandi ngazi. Lakini mle hakukuwa na mahali pa klavesini isipokuwa gereji, na gereji ya Minnesota ingeipasua kabla ya Krismasi. Kijana mmoja Mmarekani anayekarabati vinanda vya namna ile alikubali kuja kuichukua. Mwalimu alimhoji kwa simu kuhusu nyoya, na aliposikia kijana anatumia nyoya za plastiki alimwambia arudie, kisha akasema sawa.

Nilichukua siku ya mapumziko. Nimeiandika sentensi hiyo kana kwamba ni kitu kidogo, lakini wenzangu watanielewa. Nilikataa dabo, nikazima simu, nikalala usiku kucha kitandani kwangu kama mtu tajiri, nikaamka bila kengele. Sikumwambia mtu ninakwenda kufanya nini. Nilipofika nilikuta masanduku ukutani na kochi halipo. Lilikuwa limeshatangulia Blaine. Mama alinipa sanduku la vyombo nilikalie, akaniambia nisiliegemee sana, kuna glasi. Binti yao alikuwa akifunga mapazia kwenye mifuko.

"Papa, utapiga hicho kitu sasa hivi?" alimwambia kwa Kiingereza. "Yule mtu anakuja baada ya chakula cha mchana. Na mikono yako?"

"Dada yako amekuja," alisema Mwalimu kwa Kiswahili, akinionyesha kwa kidevu, na hilo likawa jibu.

Akavua vishikizo. Mikono yake chini ya vishikizo ilikuwa myembamba na myeupe kidogo kwa kukosa jua. Akakaza nyuzi. Sitasema uongo, ile ting-ting ni dawa kali, na hata mimi niliyelala usiku kucha nilisikia kope zikishuka. Nilijifinya paja. Nilihesabu mabeseni. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa begani, macho amefumba, anakula ile sehemu yake anayoipenda.

Halafu akaanza, nami nilikuwa macho.

Nusu ya kwanza niliijua. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi kabla sijachukuliwa na usingizi: inaondoka kwa haraka, mkono wa kushoto unaukimbiza wa kulia, halafu inatua na vile vifungu vidogo, vya kurukaruka, vinavyosemwa mara tatu kama mtu anayeaga mlangoni. Akairudia na mapambo. Alikosea mahali, kidole gumba hakikufika, akapita juu yake kwa upole. Kisha ikafuata nusu ya pili, na hapo nilikuwa mgeni kabisa. Ilikwenda mahali pa giza ambapo sikutegemea. Ikageuka, ikagonga ukuta, ikageuka tena, na niliogopa kweli, niliogopa kama unavyoogopa ukipotea njia kwenye theluji na mafuta ya gari ni kidogo. Niliona shavu lake likikaza kila mkono wa kulia uliponyooka. Binti yake alikuwa ameacha mapazia. Halafu, bila kutangaza, vikatokea vile vifungu vidogo vya kuaga mlangoni. Vilevile, mara tatu, maneno yaleyale niliyoyasikia miaka yote mwishoni mwa nusu ya kwanza. Ila sasa vilikuwa vimeshuka chini kidogo, na vilipotua vilitua kama mtu aliyefika kwao na kuvua viatu. Kumbe mwisho wake nilikuwa nao siku zote, sikujua tu kwamba ndio.

Uzi wa mwisho ukanyamaza. Klavesini hainyamazi polepole, ikinyamaza imenyamaza. Mwalimu akaweka mikono mapajani, kiganja kimoja kikikibana kingine. Alikuwa na jasho kwenye nywele. Aligeuka kunitazama, akakuta macho yangu yako wazi, na sijawahi kuona mtu mzima akiogopa jibu namna ile.

"Iliisha namna gani?"

Nilikuwa nimeandaa la kusema tangu nyumbani, kitu kizuri, na nikaliacha. Mimi ni nesi. Niliiona mikono ile na nilijua ninachoiomba.

"Haijaisha, Mwalimu," nikamwambia. "Nusu ya pili hujairudia."

Mama, mlangoni, alishusha kitambaa begani na kufunga maji ya robine yaliyokuwa yanachuruzika. Binti yake akafungua mdomo kumtetea, kisha akaufunga, akakaa chini sakafuni kati ya masanduku. Mwalimu aliendelea kunitazama, na uso wake ukaanza kufanya mambo ambayo sikuwahi kuuona ukifanya, mpaka akalazimika kuugeuza upande wa dirisha.

"Weye," akasema, sauti imekatika, "unanichokesha."

Akajifuta macho kwa mkono wa shati, akaunyoosha mgongo, akarudisha mikono kwenye kinanda.